Vyombo Vinavyoamrishwa na Kompyuta katika Maabara za Elektroniki za Wanafunzi: Upimaji kama Suala la Lugha

1.0 Utangulizi

Maabara ya elektroniki ni mahali ambapo mwanafunzi wa chuo kikuu huipambanisha nadharia na kitu halisi. Darasani huambiwa kwamba volteji hugawanyika kati ya rezista mbili kwa uwiano wa ukinzani wake. Maabarani huziunganisha rezista hizo na kuangalia kama ndivyo ilivyo. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa mkono. Mwanafunzi alizungusha swichi za chombo, akasoma mshale au tarakimu, akaandika katika daftari lake, kisha akachora grafu kwa penseli. Kuanzia miaka ya 1970, na hasa baada ya kompyuta ndogo kuenea katika miaka ya 1980, sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamia kwenye programu. Kompyuta hukiamrisha chombo kinachozalisha mawimbi, hukiuliza chombo kinachopima, huyapanga majibu katika jedwali na kuchora grafu.

Mabadiliko haya yamezua mjadala. Wapo wanaoona kwamba kompyuta humpunguzia mwanafunzi kazi ya kuchosha ili apate nafasi ya kufikiri. Wapo pia wanaohofu kwamba humwondolea kufikiri kwenyewe. Makala haya yanaeleza namna vyombo hivyo vinavyofanya kazi, kisha yanatoa hoja kwamba kila upande umeacha jambo moja la msingi. Kompyuta haiiondoi kazi ya mwanafunzi, bali huihamisha kutoka katika mkono kwenda katika lugha. Anayepima kwa mkono anaweza kutenda kwanza na kueleza baadaye. Anayepima kwa kompyuta hana budi kueleza kwanza, tena kwa ukamilifu, ndipo kitendo kifanyike. Kwa hiyo suala hili si la wahandisi peke yao. Linawahusu pia wanaoshughulikia lugha ya kufundishia na uundaji wa istilahi.

2.0 Mazungumzo ya Vyombo

2.1 Msemaji, Msikilizaji na Mdhibiti

Katika miaka ya 1960 kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilibuni njia ya kuunganisha vyombo vyake vya kupimia na mashine ya kukokotoa. Mwaka 1975 njia hiyo ilifanywa kuwa sanifu na taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki ya Marekani, ikapewa jina la IEEE 488. Waya wake una kiungio chenye pini 24. Nyaya 16 kati ya hizo hubeba ishara: nane hubeba data, tatu huratibu upokezanaji, na tano husimamia utaratibu mzima. Vyombo visivyozidi 15 huweza kushiriki njia moja.

Kinachovutia kwa mtafiti wa lugha ni kwamba waliobuni mfumo huu walilazimika kutunga kanuni za mazungumzo. Kila kifaa kilipewa dhima: kuna msemaji, msikilizaji na mdhibiti. Wasikilizaji wanaweza kuwa wengi kwa wakati mmoja, lakini msemaji huwa mmoja tu. Mdhibiti, ambaye kwa kawaida ni kompyuta, ndiye anayetoa zamu, kama mwenyekiti wa baraza. Aidha, msemaji hawezi kuendelea na neno la pili mpaka wasikilizaji wote waonyeshe kwamba wamelipokea la kwanza. Matokeo yake ni kwamba mazungumzo huenda kwa mwendo wa msikilizaji aliye mzito kuliko wote. Kanuni hiyo ndiyo iliyowezesha chombo cha zamani na kipya kukaa katika meza moja bila kupotezeana habari.

2.2 Sarufi ya Amri

IEEE 488 ilisanifisha namna ya kupeleka maneno, lakini haikusanifisha maneno yenyewe. Kila kampuni ilijitungia msamiati wake, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya multimita moja haikufaa kwa nyingine. Mwaka 1987 nyongeza ya IEEE 488.2 iliweka muundo wa jumbe na amri chache za wote. Mwaka 1990 kampuni kadhaa zilikubaliana juu ya lugha moja ya amri iitwayo SCPI. Njia za kuunganishia zimebadilika tangu hapo, na vyombo vingi sasa hutumia waya wa USB au mtandao wa kompyuta, lakini lugha hiyo ingali inatumika.

Sarufi yake ni fupi na kali. Amri hupangwa kama matawi ya mti, na kila tawi hutengwa na jingine kwa nukta pacha. Amri MEAS:VOLT:DC? huanza na tendo la kupima, hufuatiwa na kipimwacho, yaani volteji, kisha aina ya umeme, yaani umeme wa mkondo mnyoofu. Alama ya kiulizo huigeuza kauli kuwa swali linalodai jibu. Kila neno lina umbo refu na umbo fupi, na hakuna umbo la katikati linalokubaliwa: MEASURE ni sahihi, MEAS ni sahihi, lakini MEASU hukataliwa. Lugha hii ina dhamira mbili tu, ya kuamuru na ya kuuliza. Haina namna ya kusema "labda", wala ya kueleza sababu.

Sifa tatu za lugha hii zina uzito wa pekee katika ufundishaji. Kwanza, chombo hujibu kwa namba tupu. Kikiulizwa volteji hakisemi "volti tano". Hutoa tarakimu pamoja na kipeo cha kumi, bila kizio. Kizio kimo katika swali, na asiyelielewa swali hawezi kujua jibu ni la nini. Pili, chombo kinapozidiwa na kipimo hakinyamazi. Katika SCPI namba 9.9 mara kumi kwa kipeo cha 37 husimama badala ya kipimo kisicho na mwisho, na vyombo vingi huirudisha pale kipimo kinapozidi upeo wao. Programu isiyojua hilo huichukua kuwa kipimo halali na kuiingiza katika wastani. Tatu, amri iliyokosewa haisimamishi kazi. Chombo huliweka kosa katika foleni yake ya ndani, kwa mfano kosa namba -113 lenye maana kwamba amri haitambuliki, na hukaa nalo mpaka kiulizwe. Programu isiyouliza huendelea kana kwamba amri imetekelezwa.

3.0 Kinachopatikana

Mfano wa jaribio la kawaida unatosha kuonyesha manufaa. Rezista ya kiloomu 10 ikiunganishwa na kapasita ya nanofaradi 10, hupatikana chujio linalopitisha mawimbi ya marudio madogo na kuyapunguza yale ya marudio makubwa. Marudio hapa ni idadi ya mizunguko ya wimbi katika sekunde moja, na hupimwa kwa hezi. Hesabu huonyesha kwamba marudio ya ukomo wa chujio hili ni takriban hezi 1,592. Yanapofikiwa, volteji inayotoka ni takriban asilimia 71 ya ile inayoingia. Mbali juu ya hapo, kila marudio yanapozidi mara kumi volteji hushuka kufikia takriban sehemu moja ya kumi.

Mwanafunzi anayepima kwa mkono kuanzia hezi 10 hadi hezi 100,000 hupata nukta kumi na tano au ishirini katika kipindi chake cha maabara, na muda wa kubadili chochote huwa umekwisha. Kompyuta huweza kumpa nukta mia mbili kwa dakika chache. Faida haimo katika wingi wa nukta. Imo katika kwamba sasa anaweza kuibadili kapasita, kurudia, na kuona grafu nzima ikihama. Swali la "je, ingekuwaje kama" huulizika tu pale ambapo jibu lake haligharimu alasiri nzima. Kwa maana hiyo wanaoitetea kompyuta wana haki.

Gharama pia imepungua. Mwaka 1986 kampuni ya National Instruments ya Austin, Texas, ilitoa programu ya LabVIEW iliyomwezesha mtumiaji kuunda chombo kwenye kioo cha kompyuta kwa kuunganisha michoro. Baadaye zikaja bodi ndogo za bei nafuu: Arduino iliyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, na Raspberry Pi ya Uingereza mwaka 2012. Bodi hizo haziwezi kuchukua nafasi ya oskiloskopu nzuri, lakini zimeyafanya majaribio mengi ya msingi yawezekane mahali ambapo chombo kimoja kiligombewa na darasa zima.

4.0 Kinachoweza Kupotea

4.1 Usahihi, Uthabiti na Upambanuzi

Tuseme rezista mbili, kila moja ya megaomu 1, zimeunganishwa kwa mfuatano kwenye betri ya volti 10. Nadharia husema kwamba katikati yake pana volti 5. Multimita nyingi za tarakimu zina ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Ikiwekwa sambamba na rezista ya chini, multimita hugeuka kuwa sehemu ya saketi: ukinzani wa pamoja hushuka hadi takriban megaomu 0.909, na volteji inayosomwa huwa volti 4.762. Kompyuta itakiuliza chombo mara elfu moja na kupata jibu lile lile mara elfu moja. Itatoa wastani, itachora mstari ulionyooka, na kila kitu kitaonekana kuwa cha kuaminika. Lakini jibu litakuwa na pengo la karibu asilimia tano.

Hapa Kiswahili kina uwezo wa kutenganisha dhana tatu ambazo wanafunzi huzichanganya. Usahihi ni kuukaribia ukweli. Uthabiti ni kutoa jibu lile lile kila kipimo kinaporudiwa. Upambanuzi ni uwezo wa kutofautisha viwango viwili vilivyokaribiana sana. Multimita ya mfano huu ina upambanuzi mkubwa, kwa kuwa huonyesha tarakimu nyingi, na ina uthabiti. Ilichokosa katika saketi hii ni usahihi. Kurudia vipimo hupunguza makosa ya nasibu tu: vipimo mia moja huyapunguza mara kumi. Kosa linalotokana na mpangilio wenyewe wa upimaji halipungui hata kwa vipimo milioni. Hatari ya kompyuta ni kwamba huzalisha uthabiti na upambanuzi kwa wingi kiasi kwamba msomaji wa grafu hudhani amepewa na usahihi.

4.2 Wimbi Lisilokuwapo

Kompyuta haioni wimbi zima. Huchukua sampuli zake kwa vipindi, kama mtu anayefumba na kufumbua macho. Ili wimbi litambulike, sampuli sharti zizidi mara mbili ya marudio yake. Programu ikichukua sampuli 1,000 kwa sekunde ilhali wimbi lina hezi 900, kioo kitaonyesha wimbi safi la hezi 100. Hakuna tahadhari itakayotolewa, kwa sababu kwa sampuli hizo mawimbi hayo mawili hayatofautiki kabisa. Dawa ni kuweka chujio kabla ya sampuli kuchukuliwa, au kuongeza kasi ya kuzichukua. Lakini anayeijua dawa ni yule tu anayeujua ugonjwa.

4.3 Haraka ya Programu

Mkono wa binadamu ni mzito, na uzito huo una faida yake: baada ya swichi kuzungushwa, saketi hupata muda wa kutulia kabla jicho halijasoma. Programu haina subira isipoagizwa kuwa nayo. Wimbi la hezi 10 huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde kukamilisha mzunguko mmoja. Programu inayosoma baada ya sehemu mbili za mia za sekunde imeona moja ya tano tu ya mzunguko huo, na namba inayoileta haina maana. Wanafunzi wengi hulitafuta kosa la namna hii ndani ya saketi, kumbe limo katika sentensi waliyosahau kuiandika, yaani "subiri".

5.0 Maabara ya Mbali

Chombo kinachoamrishwa kwa maandishi hakihitaji kuwa chumba kimoja na anayekiamrisha. Mwaka 1998 Jesús del Alamo wa chuo cha MIT, Marekani, aliwawezesha wanafunzi wake kupima transista kupitia mtandao wakiwa popote. Jaribio hilo lilikua na kuwa mradi wa iLab. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 21 vyuo vikuu vitatu vya Afrika, yaani Obafemi Awolowo cha Ile-Ife, Nigeria, Makerere cha Uganda, na Dar es Salaam cha Tanzania, viliingia katika ushirikiano wa iLab-Africa kwa msaada wa Carnegie Corporation of New York. Vyuo hivyo havikuwa watumiaji tu. Wahandisi wake walishiriki kuunda majaribio yao wenyewe.

Katika aina mojawapo ya majaribio ya iLab, mwanafunzi hueleza mambo yote kwa pamoja: volteji ya kuanzia, ya kumalizia, hatua, na kipimwacho. Kisha huyatuma na kusubiri matokeo. Utaratibu huo ulifaa sana mahali ambapo mtandao ulikuwa mwembamba, kwa kuwa kinachosafiri ni maandishi machache. Itakumbukwa kwamba waya wa SEACOM wa chini ya bahari ulifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na kabla ya hapo vyuo vingi vilitegemea satelaiti. Lakini utaratibu huo huo ndio unaodhihirisha hoja ya makala haya kwa ukali zaidi. Mwanafunzi wa maabara ya mbali hana swichi ya kubahatisha. Alichokieleza ndicho kitakachofanywa, asichokieleza hakitafanywa.

Huko Sweden, chuo cha teknolojia cha Blekinge kilijaribu kurudisha sehemu ya kazi ya mkono kwa njia ya mradi wa VISIR. Mwanafunzi huona kwenye kioo picha ya ubao wa kuunganishia saketi, huchora nyaya, na swichi za umeme katika maabara halisi huziunganisha. Akiunganisha vibaya, hupata matokeo mabaya ya kweli. Hatua hiyo ni muhimu, kwani inampa mwanafunzi haki ya kukosea, ijapokuwa harufu ya rezista inayoungua haisafiri kwenye mtandao.

6.0 Lugha ya Maabara na Ufundishaji

Mwezi Januari 2002 wataalamu wa elimu ya uhandisi walikutana San Diego, Marekani, wakaorodhesha malengo 13 ya maabara za kufundishia. Miongoni mwake yamo kutumia vyombo, kulinganisha nadharia na hali halisi, kujifunza kutokana na kushindwa, kuwasiliana, na kutumia milango ya fahamu kukusanya habari. Orodha hiyo inaonyesha kwamba grafu nzuri si lengo la maabara. Ni kitu kinachopatikana njiani. Kompyuta inaweza kutimiza lengo moja huku ikidhoofisha jingine, na ni kazi ya mwalimu kuzuia hilo.

Kutokana na maelezo ya hapo juu, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, mwanafunzi apime nukta tatu au nne kwa mkono kabla ya kuruhusiwa kutumia programu, ili awe na kitu cha kuisuta kompyuta inapokosea. Pili, aandike matarajio yake kabla ya kupima, pamoja na vizio. Tatu, programu ya darasa iwe na angalau kosa moja lililopandwa makusudi, kwa mfano kasi ndogo ya sampuli, na alama zitolewe kwa atakayelibaini. Nne, kabla ya kuiandika programu, mwanafunzi aieleze kwa sentensi kamili: nini kinapimwa, kati ya wapi na wapi, kwa muda gani, na kwa sharti gani jibu litakataliwa.

Pendekezo la nne ndilo linalogusa idara za Kiswahili moja kwa moja. Nchini Tanzania, shule za msingi za serikali kwa kawaida hufundisha kwa Kiswahili, na ngazi za juu hufundisha zaidi kwa Kiingereza. Wanafunzi wanaoizunguka meza moja ya maabara hushauriana kwa Kiswahili, kisha huandika ripoti kwa Kiingereza. Katika maabara ya mkono pengo hilo lilizibwa na vidole: mtu alionyesha waya na kusema "hapa". Katika maabara ya kompyuta "hapa" haitoshi. Anayekariri mstari wa programu kutoka kwa mwenzake bila kuweza kuueleza kwa lugha anayoifikiria hajapima kitu, amenakili tu.

Haina maana kwamba amri za SCPI zitafsiriwe. Chombo kina lugha yake, na hakuna ubaya kujifunza lugha ya chombo. Kinachohitajika ni lugha ya maelezo inayoitangulia amri. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa mwaka 1990 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliweka msingi kwa majina ya vitu na dhana. Msamiati wa maabara ya leo unahitaji zaidi ya majina. Unahitaji vitenzi na semi za utaratibu: kutulia kwa saketi, kuzidiwa kwa chombo, kuchukua sampuli, kuhoji foleni ya makosa, chombo kuilemea saketi kinayoipima. Maneno mengi ya namna hiyo tayari yako vinywani mwa mafundi na wanafunzi. Kazi ya mwanaistilahi ni kwenda kuyasikiliza huko kabla ya kubuni mengine.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza asili na sarufi ya vyombo vinavyoamrishwa na kompyuta, manufaa yake katika maabara za wanafunzi, na namna vinavyoweza kutoa majibu yenye uthabiti yasiyo na usahihi. Imeonyeshwa kwamba makosa yaliyojadiliwa yana sifa moja: yote ni ya jambo lisilosemwa. Ukinzani wa multimita haukutajwa, kasi ya sampuli haikuulizwa, muda wa kusubiri haukuandikwa, foleni ya makosa haikuhojiwa. Chombo chenyewe kilitenda kama kilivyoambiwa.

Kwa hiyo ubora wa maabara ya namna hii haupimwi kwa idadi ya kompyuta zilizomo wala kwa uzuri wa grafu zinazotoka humo. Unapimwa kwa swali ambalo mwalimu anaweza kumwuliza mwanafunzi yeyote aliyesimama mbele ya kioo: namba hii ni ya nini, na ungejuaje kama si kweli? Mwanafunzi apewe nafasi ya kulijibu swali hilo kwa lugha anayoimudu. Akishaweza, kuandika amri ni kazi ya dakika chache.